Nyumba ya Mama Kamba Si Forodha

Mgeni rasmi, mheshimiwa uliyeacha shughuli zako ukaja hadi huku barabara inakoishia. Maafisa mliofuatana naye. Wageni mlioshuka kwenye basi. Wazee wetu, akina mama, vijana wa gatini na majirani wote:

UKARIBISHO

Sisi wakazi wa Nyumba za Gati la Zamani tunakukaribisha. Pole na safari. Tunaijua ile njia, hasa pale baada ya daraja, na tunajua vumbi lake linavyoingia mpaka kwenye meno.

Tunaomba radhi kwa mambo mawili. La kwanza ni harufu. Hapa ulipoketi ndipo tunapoanika nyavu na kupaa samaki, na ingawa vijana wamekuwa wakimwaga maji asubuhi hii, samaki ni samaki. La pili ni viti. Ratiba uliyopewa inasema ungeketi chini ya turubai jeupe, mbele ya ile nyumba yenye bamba la shaba kule kichwani mwa gati. Turubai bado liko kule, unaliona kutoka hapo. Viti tumevibeba wenyewe asubuhi hii tukavileta huku, ndani ya kuta hizi zisizo na paa. Afisa utalii wetu amekasirika, na ana haki ya kukasirika, kwa sababu hatukumuuliza. Sababu tutaieleza. Tunakuomba uwe na subira, maana sisi tumekuwa nayo mpaka imetuchosha.

Tuliagizwa risala iwe fupi, iwe na historia, mafanikio, changamoto na maombi, na isiwe na mambo ya mtu mmoja mmoja. Mpangilio tumeufuata. Hilo la mwisho limetushinda. Jambo lililotufanya tubebe viti limempata mtu mmoja, na mtu huyo hayupo kati yetu hapa. Yuko ndani kwake, na asubuhi hii mlango wake ulifungwa utepe kwa nje.

HISTORIA YA BANDARI

Mgeni rasmi, bandari hii haikuwahi kuwa kubwa, wala hatuombi ikuzwe kwa maneno. Meli ndogo zilifunga hapa zikashusha saruji, chumvi na marobota ya nguo, zikapakia ngozi na mbao, zikaondoka. Kila mzigo ulipita kwanza mbele ya bwana forodha na mizani yake. Kile chuma kilichotokeza ukutani nyuma ya kiti chako ndicho kilichobeba mizani hiyo. Hapa ulipoketi ndipo palipokuwa forodha. Si kule kwenye bamba. Ni hapa. Mzee aliyevaa kofia ya kahawia, mstari wa pili, alibeba magunia akipita mlango huu huu ulioingilia wewe, na yuko tayari kuulizwa.

Ilipojengwa bandari kubwa mjini, meli zikatuacha. Forodha ikageuka ghala la chumvi, paa likaoza likaanguka, na sisi tukaleta nyavu zetu. Hiyo ndiyo historia yote. Haina malkia wala hazina iliyofukiwa.

Sasa ile nyumba kule. Ile ni karakana ya kamba. Aliijenga babu yake marehemu Fundi, na aliijenga ndefu na nyembamba kwa sababu kamba inataka nafasi. Mmoja huzungusha gurudumu lenye kulabu upande huu, mwingine hushika nyuzi na kutembea kinyumenyume hadi ukuta wa mwisho, huku kamba ikijisokota mbele yake. Urefu wa chumba ndio urefu wa kamba. Juu ni vyumba vya kulala, chini ni kazi. Fundi alirithi gurudumu kwa baba yake, na alipooa, mkewe ndiye aliyejifunza kutembea kinyumenyume. Watu wakaacha kumwita kwa jina lake. Wakamwita Mama Kamba, na hata wanawe wakikasirika humwita hivyo hivyo.

Utauliza basi, karakana ya kamba iligeukaje kuwa forodha? Iligeuzwa na mzaha.

Mwaka uliotangulia mzaha huo, Fundi alikuwa amepigwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vilimgomea, ila ulimi ulibaki mzima kabisa. Kwa kuwa hakuweza tena kupanda ngazi, Mama Kamba alimshushia kitanda chini, kwenye chumba kirefu, kando ya gurudumu. Mchana alimkalisha mlangoni apate upepo. Ndipo akaja kijana mmoja kutoka ofisi ya mambo ya kale, na kamera shingoni, akamwamkia vizuri, akauliza:

"Mzee wangu, jengo hili zamani lilikuwa na kazi gani?"

Fundi akamtazama mkewe, ambaye wakati huo alikuwa amemzuia jirani mmoja mlangoni asiingie na miguu yenye mchanga.

"Hii, mwanangu, ni forodha," Fundi akasema. "Hapiti mtu hapa na kitu bila huyu mama kukikagua. Hata mimi mwenye nyumba napekuliwa mifuko."

"Ungekuwa na kitu mifukoni ningekupekua kweli," Mama Kamba akajibu bila kugeuka.

Tulikuwapo wengi, tukacheka. Kijana wa ofisi naye akacheka, kisha akaandika. Tulidhani anauandika utani kwa sababu umemnogea.

Miezi ikapita. Siku moja wakaja mafundi na keekee, wakatoboa ukuta upande wa nje, sentimita chache kutoka alipolaza kichwa mgonjwa upande wa ndani. Mama Kamba alitoka na mikono yenye sabuni, akasoma bamba: NYUMBA YA FORODHA YA KALE. Akarudi ndani.

"Umeona ulimi wako ulivyotuponza?"

Fundi alicheka mpaka akapaliwa. Alipotulia akasema, "Waambie ulikuwa mzaha, mke wangu. Watalibandua."

Akaenda kuwaambia. Sisi tukaenda naye. Tukajibiwa kwamba wataalamu wameshathibitisha. Tulipouliza wamethibitishia kwa nani, tukaambiwa tusiwe wagumu wa kupokea maendeleo.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, hatutaki kuonekana watu wa kulalamika tu, kwa hiyo tunasema na mazuri.

Watalii wanakuja. Mabasi hayakuwahi kufika huku kabla ya bamba lile. Wenye mashua wanawapeleka wageni kwenye kisiwa cha mchanga maji yakitoka, na wengine wameweza kubadilisha injini. Mama wa chai ameongeza mabenchi na kuajiri mdogo wake. Taa moja imewekwa gatini, na inawaka. Kwenye barabara kuu kuna kibao chenye mshale, na waliotuandika kwenye ramani kwa makosa angalau wametuandika.

Tumejengewa choo cha umma, kizuri, chenye vigae. Ufunguo wake uko mjini.

Na tuseme ukweli wote. Bamba lile lilipowekwa, baadhi yetu tulinufaika tukanyamaza. Mama wa chai mwenyewe alimfuata Mama Kamba akamwambia, "Dada yangu, vumilia kidogo. Ukweli wako ni mzuri, ila hauuzi chai."

Mama Kamba akamjibu, "Sawa. Basi wapeleke kwako wakamtazame mume wako kitandani."

Mama wa chai akarudi kwenye birika zake. Yumo humu kwenye viti na ametuambia tuliandike hili, tusimfiche.

CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza ni kwamba nyumba ya mtu ilianza kuingiliwa kama soko.

Si wageni wote walikuwa na tabia mbaya. Wengi walibisha hodi, wakaona kuna mgonjwa, wakaomba radhi na kurudi nyuma. Lakini kiongozi wa msafara alishawaambia kwenye basi kwamba ni jengo la umma, na mtu akishaambiwa hivyo, hodi ya nini? Waliingia wakagusa gurudumu. Waliuliza sanduku la ushuru liko wapi. Walipanda ngazi mpaka vyumba vya kulala wakamkuta Mama Kamba anakunja nguo, wakamsalimu, wakaendelea kutazama dari. Aliweka pazia, wakalifungua. Aliweka kiti mlangoni. Wakakikalia wakapigana picha. Akafikia hatua ya kupika huku ameegemeza mgongo kwenye mlango.

Fundi mwanzoni alilichukulia kama burudani. Aliwaambia wageni kwamba mzigo wa mwisho aliokagua ulikuwa wa mawingu, na waliandika. Mkewe alikasirika, ila alikuwa akitulia akimwona anacheka, kwani tangu kiharusi kilipompiga kicheko kilikuwa kimekuwa adimu mle ndani.

Kisha siku moja, mchana, alikuwa anamwogesha. Amemvua shati, amemkalisha ukingoni mwa kitanda, beseni liko chini, na mkono wake mmoja umemshika begani asianguke. Pazia likafunguka, mwanga wa kamera ukapiga, na mtu akaondoka haraka. Mama Kamba alitaka kumfuata lakini angemwachia nani mgonjwa? Alimaliza kumwogesha.

Picha hiyo tuliiona kwenye kipeperushi cha msimu uliofuata. Mgeni rasmi, huenda unacho hapo mapajani. Ni kile chenye jalada la bluu. Fungua katikati. Beseni limekatwa, halionekani, na mkono wa mkewe unaonekana hadi kiwiko. Chini pameandikwa: Afisa wa mwisho wa forodha akipumzika nyumbani kwake.

Mama Kamba alimwonyesha mumewe, kwa sababu hakuwa na desturi ya kumficha kitu. Fundi alikitazama. Safari hii hakucheka.

"Hata shati sijavaa," akasema.

Tangu siku hiyo hakutaka tena kukalishwa mlangoni.

Changamoto ya pili ni paa. Kabla ya bamba, Mama Kamba na wanawe walikuwa wameshanunua mabati mapya, maana ya zamani yalikuwa yameliwa na hewa ya chumvi. Mabati yamepangwa uani, fundi paa ameshapanda ngazi, ikaja amri kwamba jengo la kumbukumbu haliguswi bila kibali. Kibali kiko ofisini. Ofisini kuna afisa, na afisa yuko kikaoni. Mama Kamba alikwenda mjini akarudi, akaenda tena, mpaka mlinzi wa getini akawa anamwekea kiti kivulini. Siku aliyompata afisa, aliongozana na mmoja wetu, na mazungumzo yalikuwa hivi.

"Mama, kisheria pale huna tena hali ya mwenye nyumba wa kawaida," afisa akasema. "Wewe ni mkaaji ndani ya urithi."

"Mkaaji? Nimezalia humo, baba."

"Naelewa, mama yangu. Lakini sasa nyumba ni ya historia."

"Vizuri. Basi historia ije ilale na mgonjwa mvua zikianza, mimi nikapumzike kwa dada yangu."

Afisa akatabasamu, akasema mama ana maneno, akamwahidi kulishughulikia. Tunadhani hata sasa analishughulikia.

Mvua zikaanza. Mama Kamba alikuwa na chumba kirefu, na paa lilivuja kwa zamu, maji yakipenya sakafu ya juu hadi chini: leo upande wa gurudumu, kesho katikati. Alikuwa akisukuma kitanda cha mumewe kufuata pakavu. Yeye anavuta, kitanda kinakuja, anarudi kinyumenyume kama alivyozoea kwenye kazi. Fundi akiwa amelala humo alikuwa akimwambia, "Polepole, utanisokota." Majirani tulisaidia tulipokuwapo. Ila mvua haingoji watu warudi kutoka kazini.

Adhuhuri moja kipande cha dari kilianguka, boriti na udongo wake, pale pale kitanda kilipokuwa kimesimama asubuhi. Hakuna aliyeumia. Mama Kamba alitoka nje kwenye mvua, akasimama gatini, akatuangalia mmoja mmoja. Tumeshamsikia huyu mama akigomba miaka yote, na tungependa siku ile angegomba.

Tulipanda. Tunalisema wazi mbele ya maafisa: tulipanda bila kibali. Wenye mashua, wapaa samaki, mwalimu mkuu na suruali yake ya kazi, sote. Mvua ilipopumzika tuliyachukua yale mabati yaliyokuwa uani, na kabla jua halijazama paa lilikuwa limefungwa. Mgonjwa alilala pakavu. Aliomba aletwe dirishani atushukuru, akasema ametutafutia dosari kwenye kazi yetu na amezipata nyingi.

Wiki haikuisha. Wakaja watu wa ofisi na askari wawili, wakasema mabati yanayong'aa yanaharibu sura ya kale. Wakayang'oa. Wakaweka turubai, wakasema ni la muda. Mama Kamba aliwauliza, "Na huyu mgonjwa sura yake mnaionaje?" Askari mmoja alitazama chini. Hatumlaumu yule, alikuwa mtoto wa watu aliyetumwa.

Turubai lilitatarika kwa upepo usiku na mchana. Kifua cha Fundi kikabana. Daktari alisema ni kifua, na kwamba wagonjwa wa kiharusi hupatwa na hali hiyo hata wakiwa ndani ya nyumba nzuri. Sisi si madaktari na hatumlaumu mtu kwa kifo. Tunasema tu alivyokufa: alikufa amelala chini ya turubai, mkewe amemshika mkono ule mzima.

Msiba ulikuwa mle mle. Wanawake walikaa ndani, wanaume nje gatini. Siku ya pili basi likaja. Kiongozi wa msafara alishuka, akaona watu, akamwendea mwana mkubwa wa marehemu akamuuliza kwa adabu kama tungeweza kusogea upande mmoja, maana wageni wake wana muda mfupi na wamelipia.

Mama wa chai ndiye aliyeinuka. Alivaa kanga yake vizuri, akaenda akasimama mlangoni, mikono ameshika miimo pande zote mbili.

"Leo hapaingiliki," akasema.

"Mama, ni dakika chache tu."

"Mwanangu, chai yote unayokunywa kwangu unajua nani anaipika. Leo sijapika. Geuza basi."

Basi liligeuka. Na kuanzia siku ile mama wa chai hakusema tena habari ya ukweli usiouza. Arobaini ilipopita, alikwenda kwa Mama Kamba jioni moja akamkuta ameketi mbele ya gurudumu, haligusi. Kamba haisokotwi na mtu mmoja. Mama wa chai akavua ndala, akashika mpini, akauliza, "Linazungushwa kwa upande gani?" Sasa akishafunga mabenchi yake huenda kule. Mama Kamba anasema mwenzake anazungusha kama anayechochea moto, lakini wenye mashua wameshaanza kuzinunua tena kamba zile.

Changamoto ya tatu, mgeni rasmi, ni wewe. Tusamehe, hatuna njia nyingine ya kulisema.

Mwezi uliopita Mama Kamba aliambiwa kwamba nyumba inafunguliwa rasmi kuwa makumbusho, na kwamba wewe ndiye utakayekata utepe. Aliambiwa atatafutiwa mahali pengine. Alipouliza ni wapi, aliambiwa hilo ni la hatua inayofuata. Asubuhi hii, tukiwa kazini, walikuja wakafunga utepe mwekundu mlangoni kwake huku yeye yumo ndani anapiga pasi. Alifungua dirisha. Afisa utalii akamwambia kwa upole:

"Mama, tutakuomba wakati wa sherehe ukae upande wa nyuma, usionekane."

"Upande wa nyuma ni bahari," Mama Kamba akasema.

Akafunga dirisha. Ndipo tulipovibeba viti.

MAOMBI

Tulimpelekea Mama Kamba rasimu ya risala hii atuambie kama tumekosea. Alisema tumeandika mengi mno. Akasema tusimwombee huruma, tumwombee mabati. Kwa hiyo maombi yetu yako kama alivyotaka yawe.

Tunaomba bamba libanduliwe kule liletwe hapa. Ukuta upo, na keekee tunaweza kuazima. Wageni wakija huku watakuta forodha ya kweli, wataona chuma cha mizani, na mzee wa kofia ya kahawia atawasimulia mpaka wachoke. Tutahamisha nyavu. Mama wa chai amekubali kuhamisha mabenchi.

Tunaomba paa lirudishwe, yale yale mabati, na kama yanang'aa sana yatapakwa rangi.

Tunaomba Mama Kamba abaki nyumbani kwake. Amesema mwenyewe, bila kulazimishwa, kwamba hachukii wageni. Yuko tayari kuwafungulia alasiri za Jumamosi wakaone kamba inavyosokotwa, na anayetaka kujaribu kutembea kinyumenyume atajaribu. Siku nyingine ni zake. Ngazi ni zake siku zote.

Tunaomba kile kipeperushi cha bluu kisichapishwe tena na ile picha. Wanawe wameomba hili kuliko yote.

Tunaomba ufunguo wa choo.

Na tunaomba jambo la mwisho ambalo halihitaji kibali cha mtu yeyote. Mgeni rasmi, ukiinuka hapo, mkasi uache kwenye sinia. Nenda kule kwa miguu, si mbali, sisi tutabaki hapa tumekaa na hatutapiga makofi. Utepe tumeufungua tulipokuwa tunapita na viti. Umekunjwa vizuri, tutamrudishia afisa. Bisha mlango. Mama Kamba anajua unakuja, ameshapiga pasi nguo zake. Akikufungulia usianze na nyumba wala paa wala historia. Tangu mumewe afariki wamekuja watu wengi wa ofisi pale mlangoni, na hata mmoja wao hajampa pole. Anza na pole. Mengine mtazungumza mkishakaa.

Mwenyezi Mungu akulinde uendako na urudipo. Awape wanao afya na riziki, na wewe akujaalie uzee ndani ya nyumba yako, kati ya watu wako, chini ya paa lisilovuja.

Ni sisi,
Wakazi wa Nyumba za Gati la Zamani